Kadi ya Idi ya mkono wako: kuchagua fonti ambayo bibi ataisoma mwenyewe

Siku ya Idi moja nilimpelekea bibi yangu kadi niliyoitengeneza usiku kucha. Nilikuwa nimechagua herufi nyembamba za kupinda, zenye mikia inayozungukana kama asumini uliotambaa ukutani. Niliziona nzuri mno. Bibi aliipokea, akaibusu, akaisogeza mbali, akaileta karibu na uso, kisha akamkabidhi mjukuu mdogo aliyekuwa ameketi mkekani. "Nisomee, mwanangu, mato yangu hayaoni haya." Maneno niliyomwandikia yeye peke yake yakasomwa kwa sauti mbele ya wageni na mtoto wa darasa la tatu, aliyekwama karibu kila neno.

Tangu siku hiyo sichagui fonti, yaani umbo la herufi, kwa kuangalia uzuri wake kwenye kioo cha komputa. Naanza na macho ya atakayesoma. Hapa chini nimeeleza ninavyofanya, na mfano wangu wote ni kadi ya Idi kwa kuwa ndiyo kadi tunayopelekeana sana hapa Lamu, lakini njia ni ileile kwa kadi ya harusi, ya mtoto aliyezaliwa au ya kumpongeza aliyehitimu.

Hatua ya 1: Andika maneno kwanza, kwa penseli

Usifungue komputa bado. Chukua karatasi, andika unachotaka kusema, kisha kisome kwa sauti kama vile mhusika yuko mbele yako. Fonti huchaguliwa kwa ajili ya maneno fulani, na ukianza na fonti utajikuta unayakata maneno yako ili yaenee.

Kadi nzuri ina maneno ya nje machache sana (mawili au matatu: Idi Mubarak, Heri ya Idi, Mkono wa Idi) na maneno ya ndani yasiyozidi arobaini. Yakizidi hapo, hiyo ni barua, na barua inastahili karatasi yake. Mimi nitatumia haya ya ndani kama mfano:

"Idi njema, bibi yangu mpenzi. Mwenyezi Mungu akujaalie umri mwema na afya, na uso wako uzidi kung'ara kama mwezi mwandamo. Tunakuombea mema usiku na mchana."

Maneno hayo sikuyapanga ovyo. Yana *Idi* yenye I kubwa, yana *ng'* yenye kialama chake juu, na yana *Mwenyezi*, *umri*, *mwema*, *mwandamo*, ambayo ni makundi ya m, w, u na n yaliyofuatana. Hayo matatu ndiyo mitego mikubwa ya fonti kwa Kiswahili, na nitayarudia.

Hatua ya 2: Mjue msomaji na mahali atakaposomea

Jiulize: ana umri gani? Anavaa miwani? Aliisoma elimu yake kwa herufi za Kiarabu au za Kizungu? Wazee wengi wa hapa walianzia chuoni, yaani madrasa, kwa Maalim kabla ya kuijua "a, e, i, o, u", na kadi yenye maneno mawili ya Kiarabu yaliyoandikwa vizuri huwagusa kuliko ukurasa mzima wa mapambo.

Fikiria na mwanga. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, na nuru huingilia kiwandani, ule ua wa katikati, kisha hupungua kadiri unavyokwenda ndani. Kadi ya bibi yangu husimamishwa kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani, huko ndani, karibu na sahani zake za zamani. Hapo jioni mwanga ni wa balbu moja. Kijivu hafifu ulichokipenda kwenye komputa hakitaonekana kabisa, na karatasi ya kung'aa itamrudishia mwanga wa balbu machoni. Kwa hiyo hata kabla sijafika kwenye fonti, mambo mawili nimekwisha kuyaamua: wino mweusi au rangi nzito, na karatasi isiyong'aa.

Hatua ya 3: Chagua fonti ya maneno ya ndani

Watu wengi huanza na kichwa cha nje kwa sababu ndicho chenye raha. Mimi nakusihi uanze na ya ndani. Huko ndiko kuna maneno mengi, na huko ndiko mtu anakochoka.

Fonti zipo za aina nyingi, ila kwa kadi zigawe makundi manne. Kuna zenye vijiguu, yaani vile vimstari vidogo kwenye ncha za herufi, kama Georgia, EB Garamond au Lora. Kuna kavu zisizo na vijiguu, kama Arial au Verdana. Kuna za kuunganisha, zinazoiga mwandiko wa kalamu, kama Dancing Script na Great Vibes. Na kuna za mapambo matupu, zilizotengenezwa kwa neno moja kubwa tu. Maneno ya ndani yatoke kwenye makundi mawili ya kwanza. Hili silijadili na mtu tena.

Sasa fanya jaribio. Fungua programu yako ya kuandikia, nakili sentensi yako ya penseli mara tano, kila moja kwa fonti yake, zote kwa ukubwa mmoja. Usijaribu kwa ile sentensi ya Kiingereza ambayo komputa hukuonyesha. Ile ilitungwa ipitie herufi zote za kwao, pamoja na q na x ambazo sisi hatuna kazi nazo. Sisi tuna yetu ya kuangalia.

*I kubwa ya Idi.* Katika Arial, I kubwa ni kijiti kitupu, karibu sawa kabisa na l ndogo. Msomaji anaona "ldi" na kwa nukta moja anababaika. Neno lenyewe ndilo lililobeba kadi yote, kwa hiyo halifai kubabaisha. Verdana ni fonti kavu pia, lakini I yake kubwa ina vimstari juu na chini. Matthew Carter aliichora kwa ajili ya Microsoft, ikatoka mwaka 1996, na nia ilikuwa isomeke vizuri kwenye vioo vya komputa vya wakati ule, ndiyo maana herufi zake ni pana na zimeachana. Georgia ni ya mchoraji huyohuyo, nayo ina vijiguu, kwa hiyo I yake haina shida. Fonti yoyote yenye vijiguu itakuvusha hapa.

*Kialama cha ng'.* Andika "kung'ara" na "ng'ambo" uangalie kile kialama. Katika fonti nyingine kimesimama wima kama kijiti, katika nyingine kimepinda kama koma iliyopandishwa juu. Vyote vinakubalika, ila kisiache pengo pana linaloikata "kung" na "ara" kama maneno mawili. Zipo fonti za bure ambazo hazina alama hiyo kabisa, na komputa huiazima kutoka fonti nyingine. Utaiona imekaa kigeni, nzito au nyembamba kuliko wenzake. Fonti hiyo iache. Vilevile, komputa ikidhani unaandika Kiingereza inaweza kukugeuzia neno au kulikata katikati mwisho wa mstari. Zima usahihishaji na ukataji wa maneno kabla ya kuanza.

*Mawimbi ya m, w, u, n.* Lugha yetu inayapenda. Tunakuombea, mwandamo, umri, mwema. Katika fonti za kuunganisha, herufi hizi zote ni milima na mabonde ya aina moja, na neno "umri mwema" hugeuka wimbi refu lisilo na pwani. Hili ndilo lililomshinda bibi yangu na yule mtoto. Kiingereza kina t, h, l na d nyingi za kupanda juu na kumpa msomaji mahali pa kushika, kwa hiyo kadi za madukani zilizoandikwa hivyo husomeka kwao. Ukiziiga kwa Kiswahili unapata matokeo mengine kabisa.

Kuhusu Times New Roman nina neno moja. Ni fonti nzuri, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ikaanza kutumika huko mwaka 1932, na ni nyembamba ili maneno mengi yaenee kwenye safu za gazeti. Lakini kwa miaka mingi imekuwa ndiyo sura ya barua za ofisini. Mtu akiiona kabla hajasoma anahisi ameitwa kwa chifu. Kwa kadi ya mapenzi, Georgia au EB Garamond zinasema maneno yaleyale kwa upole zaidi.

Na Comic Sans? Vincent Connare aliichora Microsoft mwaka 1994, na watu wengi wa fani hii huidharau. Mimi siidharau. Kwa kadi ya mtoto anayeanza kusoma inafaa, kwa sababu a yake ni ya mviringo mmoja kama ile anayofundishwa kuandika darasani, na I yake kubwa ina vimstari. Mtoto akiisoma kadi yake mwenyewe, furaha yake huiona.

Kwa kadi ya bibi nilichukua Georgia.

Hatua ya 4: Sasa kichwa cha nje

Hapa unaweza kujipa uhuru, maana maneno ni mawili. Lakini tazama kwanza leso (wengine huiita kanga) iliyomo kabatini mwako. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati wenye maua au makorosho, na ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa, nene, wazi, ndani ya kisanduku chake kisicho na maua. Leso imejaa rangi kila mahali, na bado mtu aliyeko ng'ambo ya njia analisoma jina lake, akalielewa, na pengine akakasirika. Wachoraji wa leso walijua: pambo lina mahali pake na neno lina mahali pake, na pambo halipandi juu ya neno.

Fanya vivyo hivyo. Ukiweka picha ya mwezi, ya mlango wa kuchonga au ya jahazi, liachie neno lako nafasi tupu. Ukilazimika kuliandika juu ya picha, liwekee kisanduku cheupe.

Chaguo la kichwa ni mojawapo ya haya. La kwanza, tumia fonti ileile ya ndani, ila kubwa na iliyokozwa. Hii haikosei kamwe, na anayeanza namshauri aishie hapa. La pili, tumia fonti ya kuunganisha kwa yale maneno mawili ya nje tu. "Heri ya Idi" katika Dancing Script inapendeza na inasomeka kwa sababu ni fupi na ina r, d na y za kushika. Great Vibes ni maridadi zaidi, lakini mistari yake ni myembamba sana. Chini ya ukubwa wa pointi 40 (kipimo cha herufi, nitakieleza Hatua ya 6) printa nyingi huipoteza. La tatu, tumia fonti kavu kwa herufi kubwa zote, mtindo wa leso: HERI YA IDI. Ukifanya hivyo zipanue kidogo nafasi kati ya herufi, zipumue.

Kosa ambalo naliona kila mwaka ni kuandika fonti ya kuunganisha kwa herufi kubwa zote. Herufi kubwa za fonti hizo zimechorwa kuanza neno, kila moja na mkia wake. Zikipangwa nne kwa safu zinapigana vikumbo, na HERI inakuwa fumbo.

Fonti mbili zinatosha kwa kadi moja. Zikiwa mbili zitofautiane waziwazi: ya kuunganisha na ya vijiguu, au kavu nene na ya vijiguu nyepesi. Ukichukua mbili zinazofanana, kama Georgia na Times, kadi itaonekana kana kwamba umekosea tu.

Kisha kiweke kichwa cha kadi mezani, urudi nyuma hatua tatu. Majina ya majahazi pale gatini yanasomeka kutoka mbali kwa sababu fundi aliyapaka akifikiria mtu aliyesimama kwenye ukuta wa pwani. Kama kichwa chako hakisomeki hatua tatu, kiongeze au kikoze.

Hatua ya 5: Ukitaka kuweka herufi za Kiarabu

Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo kadi nyingi za hapa kwetu huharibika, na ndipo zinapoweza kupendeza kuliko zote. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizi karne kadhaa kabla ya hizi tunazotumia leo, na kule Siyu, kisiwani Pate, mafundi walinakili misahafu kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, kwa nakshi zinazotambulika kuwa ni za kwetu. Mtu wa Lamu anayeweka mstari wa Kiarabu kwenye kadi yake hajaazima kitu cha mbali.

Jambo la kwanza ni adabu. Kadi hutupwa, huchezewa na watoto, huanguka chini. Kwa hiyo usiandike aya ya Qur'ani wala Bismillahi wala jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu kwenye kadi. Wazee wengi hawatajua wafanye nini nayo: hawataki kuitupa, na hawana pa kuiweka. "Idi Mubarak" inatosha na haimwekei mtu uzito.

Jambo la pili ni aina ya mwandiko. Naskhi ndio mwandiko wa misahafu na vitabu vingi, wazi, wa mviringo, na yeyote aliyepita chuoni anausoma. Thuluthi ni mrefu na wa fahari, ule wa kuta za misikiti. Kufi ni wa pembepembe, wa kale, na unapendeza ukiwa mkubwa. Ruqaa ni mwandiko wa haraka wa mkono, mfupi na mnene. Kwa mzee chagua Naskhi. Fonti za bure zilizo bora ni Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo, na Scheherazade New. Kwa Kufi kuna Reem Kufi, na kwa Ruqaa kuna Aref Ruqaa. Zote zinapatikana kwenye tovuti ya Google Fonts bila malipo.

Jambo la tatu ndilo lenye hatari. Herufi za Kiarabu huungana na hubadilika sura kulingana na mahali zilipo, na huanzia kulia. Programu isiyojua hilo itazitenganisha na kuzipanga kinyume. Zinabaki herufi za Kiarabu, kwa hiyo asiyezijua haoni kosa. Angalia hivi:

عيد مبارك

Neno la kwanza, la kulia, lina aini, ye na dali, zote tatu zimeshikana. Neno la pili lina mimu, be na alifu zilizoshikana, kisha re peke yake, kisha kafu peke yake. Kama kwenye kioo chako unaona aini imesimama yenyewe, imejikunja na mkia mkubwa, au kama kafu ndiyo iliyo kushoto kabisa lakini mimu na be zimeachana, programu yako haifai. Badilisha programu. Usijaribu kuzisukuma herufi moja moja kwa mkono.

Ukitaka kuandika Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu, jaribu kwanza zile ambazo Kiarabu hakina, p (پ) na ch (چ). Amiri inazo. Fonti nyingine zitakuonyesha kisanduku kitupu.

Mwisho wa hili: herufi za Kiarabu huonekana ndogo kuliko za Kizungu kwa ukubwa uleule. Kama Georgia yako ni pointi 16, iweke Amiri 22 au 24 kisha upime kwa jicho. Na kama neno la nje ni la Kiarabu, fikiria kuipa kadi mkunjo upande wa kulia, ifunguke kama msahafu. Wazee huliona jambo hilo mara moja.

Hatua ya 6: Ukubwa na nafasi

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. Kwa kijana mwenye macho mazima, maneno ya ndani yawe pointi 12 hadi 14. Kwa mzee, 16 hadi 18. Kichwa, 36 hadi 48.

Lakini namba isikudanganye. Fonti mbili za pointi 14 hazilingani kwa macho: Verdana ina herufi ndogo zenye kimo kirefu, EB Garamond ina fupi. Pointi 14 za Verdana ni kubwa, pointi 14 za Garamond ni za kukodoa. Chapisha kipande, ukishike umbali wa mkono, na umpe mtu wa umri wa yule unayempelekea akisome. Mimi humpa jirani yangu, mama wa makamo ya bibi. Akivuta uso, naongeza.

Karatasi ya A4 ikikatwa vipande viwili, na kila kimoja kikikunjwa, unapata kadi mbili za A6, milimita 105 kwa 148. Acha pambizo la milimita 12 kila upande. Zinabaki milimita 81 za kuandikia, ambazo kwa pointi 14 huingia herufi thelathini hivi kwa mstari. Sasa, maneno yetu ni marefu: "tunakuombea" peke yake lina herufi kumi na moja. Ukiamuru komputa inyooshe mistari pande zote mbili, itajaza mapengo makubwa kati ya maneno, na ukurasa utakuwa na mashimo kama nguo iliyoliwa na mende. Mistari ianzie sawa kushoto, na kulia iishie popote. Au, kwa maneno machache, iweke katikati. Nafasi kati ya mistari iwe 1.3 hadi 1.5.

Hatua ya 7: Rangi

Fupi: nyeusi, buluu nzito, kijani kizito au hudhurungi nzito. Usiandike maneno ya ndani kwa njano, waridi au kijivu. Dhahabu haitoki kwenye printa ya kawaida, hutoka kama matope. Ukiitaka, nunua kalamu ya wino wa dhahabu ukoleze kichwa kwa mkono baada ya kuchapisha.

Hatua ya 8: Kuchapisha bila kupoteza fonti yako

Mwaka mmoja nilitengeneza kadi arobaini za harusi ya binamu yangu. Nilizihifadhi kama faili ya kawaida ya kuandikia, nikaipeleka kwenye duka moja la kuchapisha, nikaenda zangu sokoni. Komputa ya pale haikuwa na fonti zangu. Ikaweka zake bila kumwambia mtu. Kiarabu kilitoka kimeachana herufi kwa herufi, na "Harusi" ilitoka kwa fonti ya risiti. Ami yangu ndiye aliyeona, jioni, siku moja kabla ya kadi kugawiwa, na hela ya karatasi ilikuwa imekwenda. Niliona uchungu sana, kwa kuwa walionituma waliniamini.

Kwa hiyo: hifadhi kama PDF, na katika mipangilio hakikisha fonti zimewekwa ndani ya faili. Ifungue PDF hiyo kwenye simu ya mtu mwingine, ambaye hana fonti zako. Ikionekana sawa huko, itaonekana sawa saiba, yaani kwenye duka la kuchapisha. Kisha chapisha moja, isimamie hapohapo, isome neno kwa neno, ndipo uagize zilizobaki. Usingoje siku ya mwisho ya mfungo, maana siku hiyo foleni ni ndefu na stima nayo ina mambo yake.

Karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba hupita kwenye printa nyingi, hasa ukiomba ilishwe moja moja. Nene zaidi ya hapo hukwama. Unyevu wa pwani huikunja karatasi na kuufanya wino usambae, kwa hiyo zako zihifadhi kwenye mkebe wa biskuti unaofunga vizuri.

Upangaji wa kurasa huwachanganya wengi. Ukiilaza kadi wazi, nje ikikutazama, uso wa mbele ni nusu ya kulia na mgongo ni nusu ya kushoto. Ikiwa ni kadi ya kufunguka Kiarabu, uso wa mbele ni nusu ya kushoto. Kunja karatasi tupu kwanza, andika "mbele" kwa penseli, ifungue utazame.

Kama unakusudia kuuza kadi, soma ruhusa ya kila fonti. Nyingi zilizo kwenye Google Fonts zina leseni huria inayokuruhusu kuchapisha na kuuza. Baadhi ya zile za tovuti nyingine ni za matumizi ya mtu binafsi tu, na aliyezichora ana haki ya jasho lake.

Hatua ya 9: Kama huna printa ya rangi, au hutaki

Chapisha kichwa chako kwa karatasi nyepesi ya kawaida. Ukigeuze, upake penseli laini nyuma yake mpaka pajae weusi. Ukilaze juu ya kadi, ufuatishe ukingo wa kila herufi kwa kalamu ya ncha ngumu. Ukiondoa, utaona alama hafifu kwenye kadi. Zijaze kwa kalamu ya wino na ufute penseli. Fonti nene zisizo na mistari myembamba ndizo zinazofaa hapa, na Reem Kufi ni nzuri mno kwa kazi hii kwa sababu ya pembe zake. Kadi moja itakuchukua nusu saa.

Mstari wa kukunja upige kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, karatasi isipasuke. Jina lako liandike kwa mkono wako, hata kama mengine yote yamechapishwa, chini ya maneno ya ndani, na uliache wazi mpaka wino ukauke. Kwa unyevu wa hapa ni dakika kumi, na zaidi kusi likivuma, kisha ndipo uikunje na kuitia kwenye bahasha.